Mama Mkwe Hatoki Chumbani

Bi Mkubwa wa kundi letu la maigizo hakuwa mtu wa barua. Yeye alituma sauti kwa simu, na sauti zake zilikuwa amri. Ni Mzanzibari wa Jeddah, wazazi wake walihamia huko baada ya Mapinduzi, na nyumba yake mtaani Al-Mahjar ndiyo stoo ya nguo zetu na mahakama yetu. Mchezo anatunga yeye, sehemu anagawa yeye, na ile tamu anajipa mwenyewe. Amepita miaka sitini na bado alikuwa akiigiza biharusi. Nani angethubutu kumwambia?

Sisi wengine tumetawanyika, wengi wafanyakazi wa ndani. Mimi wa Mombasa nilikuwa Riyadh kwa kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, na mazoezi niliyafanya kwenye chumba cha kufulia, baada ya chakula cha mchana, nyumba ikilala. Shule niliiacha ningali mdogo, kwa hivyo mambo ya sauti yalinifaa. Narekodi, natuma, nangoja matusi.

"Ebo! Wafa au wapiga chafya?" Bi Mkubwa alinijibu. "Mama mkwe kalishwa sumu, bibi wee, hakula pilipili! Kufa tena!"

Nafa tena.

Kisha goti likamshinda Bi Mkubwa, akampa ubiharusi mjukuu wangu, anayesuka nywele katika saluni moja ya Sharafiya, huko huko Jeddah. Msichana huyo nimemlea mimi. Nasema bila haya: akisimama mbele ya watu, hata watoto wachanga hunyamaza. Mchezo ulikuwa wa Idi, wa wanawake peke yao, na mimi ndiye mama mkwe wake. Tuko nchi moja, lakini tangu afike hatujaonana hata dirishani. Madam wangu alikuwa ameahidi: Idi tunakwenda Jeddah kwa dada yake, na alasiri moja ni yangu.

Nikajiharibia kwa ulimi wangu. Siku moja mazoezini nilikufa vizuri mno.

"Sumu! Katili wewe, umenilisha sumu! Maiti yangu usiiguse! Kaburini kwangu usifike!"

Kugeuka, madam yuko mlangoni, rangi imemtoka. Kiswahili hajui. Lakini sumu, katili, maiti, kaburi, hayo ni maneno ya kwao, sisi tuliyaazima tu. Katika kelele zangu zote, aliokota hayo.

Alininyang'anya simu, akamwita mumewe, wakairudia sauti yangu, wakairudia. Sufuria ya mchuzi ikamwagwa kwenye sinki, na kuku wake. Mimi Kiarabu changu cha jikoni kikanikimbia chote. Likabaki neno moja.

"Tamthilia! Madam, tamthilia!"

Hilo nalo ni lao. Na madam huyu, Ramadhani nzima hatoki mbele ya tamthilia. "Tamthilia?" akauliza. Nikajitupa sakafuni, nikafa mbele yao mwanzo hadi mwisho, machozi yakinitoka. Mumewe akacheka hadi akashika ukuta. Madam pia akacheka. Halafu akaacha.

"Machozi hayo ya kweli?"

"La, madam. Ni kazi."

"Basi Jeddah utakuja, lakini kutoka nje mafi, hakuna. Mtu anayelia hivi bila kuumwa, akiniambia atarudi, nitajuaje?"

Nikaenda kuosha ile sufuria.

Jeddah nikafika. Nyumba ya dada yake ina mlango wa chuma, na ufunguo ulikaa mkobani mwa madam. Ukumbi wa mchezo ulikuwa mtaa wa pili. Niliporudishiwa simu na kumpasha habari Bi Mkubwa, nilitarajia matusi. Ikaja sauti yake.

"Usinililie. Mama mkwe hatoki chumbani, basi. Kalishwa sumu na kafungiwa. Naweka pazia, nyuma yake simu na spika. Wewe sema tu, mwanangu."

Madam akakubali, mradi akae kando yangu asikilize. Tukaketi jikoni, simu mezani. Adhana ya alasiri ikaingia kwa dirisha na kwa simu pamoja. Hivyo ndivyo tulivyokuwa karibu.

Mchezo ukaanza. Nikasikia vigelegele, kisha mjukuu wangu, sauti imenyooka, haitetemeki hata kidogo. Akagonga. "Mama, fungua! Nimekuletea maziwa."

"Fungua wewe! Nimefungiwa kwa nje!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hapo ilikuwa aondoke na maziwa yake, nami nianze kufa. Hakuondoka.

"Nyanya," akasema. Hakusema mama. "Nyanya, toka basi nikuone."

Wanawake wakazidi kucheka, wakamshangilia hadi spika ikakwaruza. Walidhani ndivyo ulivyotungwa. Mimi niliukodolea macho mlango wa chuma, nikaukodolea ule mkoba pajani mwa madam. Yeye akanisukuma kwa kiwiko.

"Yalla! Mbona hufi?"

Nikafa. Nililia hadi madam mwenyewe akafuta macho, akasema, "Mashaallah, kazi nzuri." Halafu akaichukua simu, akaizima.

Niliporudishiwa, nilikuta sauti ya Bi Mkubwa. Hakukuwa na tusi hata moja.

"Leo umekufa sawasawa," alisema. "Mjukuu wako nampa ubiharusi moja kwa moja."