Gunia la mpunga na ampu yangu

Leo kanisani Ipinda shetani kaonewa.

Mimi napiga gitaa kwaya. Nyuma ya ampu yangu ya kukuza sauti pameandikwa wazi: spika zisishuke chini ya ohm nane. Spika yangu ni ohm nane, tunaishi kwa amani.

Mwenyekiti wa kwaya kaja na spika ya pili, nayo ohm nane.

Nikamwambia, "Baba, zikiwa mbili zinashuka hadi ohm nne, na ohm zikishuka mzigo wa ampu unazidi. Ampu itaungua."

"Acha hizo! Gunia la mpunga wakibeba wawili, mzigo si unapungua?"

Akaichomeka mwenyewe.

Eti gunia!

Ubeti wa pili, moshi. Gitaa kimya. Mwenyekiti huyooo kwenye maiki, anamkemea shetani. Kanisa zima likaitikia amina!

Amina ya nini, jamani? Shetani wa watu hata waya hajagusa!