Barua ya Wakesho na Neno la Herufi Mbili

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumatatu, nayo ilianza kwa sifa. Mjomba Mwakio, kaka wa mama yangu, alipanda mteremko wa Wusi akiwa na barua mkononi, akazipita nyumba za watu wazima wote, akaja kwangu, kijana wa miaka ishirini. Ilikuwa miaka ya hamsini, na kilimani petu mimi peke yangu ndiye niliyesoma Kiingereza cha kutosha kuelewa barua ya serikali. Angalau hivyo ndivyo nilivyowaacha watu waamini.

Barua ilitoka hospitali ya Voi, ambako binti yake, Wakesho, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kifua. Ilisema kwamba mgonjwa atapelekwa Mombasa kwa treni ‘by Thursday’.

“Anapelekwa lini?” Mjomba akauliza.

Neno hilo dogo, ‘by’, nililijua, tena kwa njia nyingi mno. Shuleni nilifundishwa kwamba mtu akikaa ‘by the river’ yuko kando ya mto. Akisafiri ‘by train’ amepanda treni. Na kitabu kikiandikwa ‘by’ fulani, huyo fulani ndiye mwandishi. Sasa lilisimama mbele ya siku ya Alhamisi, nami sikujua limeniweka kando ya siku hiyo, ndani yake, au nyuma yake. Niliona haya kukiri hivyo.

“Niachie barua, Mjomba,” nikasema. “Kuna neno linalotaka uchunguzi.”

Jambo lenyewe halikuwa la kuchezea. Wakesho aliolewa Mata, kule bondeni karibu na mpaka, bila ridhaa ya baba yake, na kwa miaka miwili Mjomba hakumtamkia neno. Sisi Wataita tuna desturi iitwayo kutasa: mwenye hasira hutwaa funda la maji au la pombe ya miwa, hulitema kama manyunyu, na kila atemapo hutamka kwamba hasira imemtoka. Wazee walishikilia kwamba hasira ya mzazi humdhuru mwana, hata isiposemwa. Wachungaji wa kanisa hawakuipenda desturi hiyo, na ugomvi wao sitauamua hapa. Nililoliona kwa macho yangu ni kwamba Mjomba alikuwa amekwisha kujaza kibuyu chake. Alitaka kusimama mbele ya binti yake kabla treni haijamchukua.

Jumanne nikashuka sokoni Mwatate kuwauliza waliojulikana kwa Kiingereza. Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa askari wakati wa vita, aliisoma barua bila kusimamisha mashine yake.

“Bai ni kando,” akasema. “Na kando ya Alhamisi ni Ijumaa. Mna nafasi tele.”

Mpishi wa meneja wa shamba la katani, aliyekuwa akingojea suruali yake, akacheka. “Huyu alijifunza Kiingereza kwa kufokewa. Bai ni chombo cha safari, kijana. Bai treni, bai lori. Hiyo Thursday bila shaka ni gari la wagonjwa.”

“Gari liitwe Alhamisi?”

“Mbwa wa bwana wangu anaitwa Jumapili. Wewe utanifunza mimi Wazungu?”

Nikayaandika yote katika daftari, mwanangu, kana kwamba uvumi ukiandikwa kwa wino hugeuka elimu. Jumatano nilishinda nikilinganisha maana hii na ile, nikifuta na kuandika upya, na kila nilivyozidi kupima ndivyo kichwa kilivyozidi kuvurugika. Jioni nilimwendea Mjomba nikamwambia, kwa sauti ya hakimu, “Ni Alhamisi yenyewe. Tutatoka alfajiri.”

Tulitoka alfajiri, tukapata lori la katani, tukafika Voi jua halijapanda sana. Muuguzi akalitazama jina, kisha akatutazama sisi.

“Wakesho aliondoka jana. Nyinyi mlikuwa wapi? Tangu Jumatatu alikuwa ameuelekeza uso mlangoni.”

Badala ya kunyamaza, nilitoa daftari. Nikamweleza Mjomba habari za mto, za treni, za fundi na za mpishi. Alinisikiliza hadi mwisho, kibuyu kikiwa kwapani.

“Mpwa wangu, neno hilo lina maana ngapi?”

“Nne, Mjomba. Pengine tano.”

“Katika hizo tano, ipo iliyosema nikae nyumbani?”

Nikalifunga daftari.

“Ungeniambia Jumatatu kwamba hujui,” akasema. “Miguu yangu haikusoma, lakini ingefika hapa Jumanne.”

Alikwenda stesheni. Akasimama mwisho wa jukwaa, akageukia kule reli zinakoshukia pwani, akatema funda la kwanza, akamtaja binti yake. Akatema la pili. Kisha akanigeukia, akalitema la tatu kifuani mwangu. “Na hasira yangu juu yako imetoka,” akasema. Nilibaki pale shati limelowa, nisijue kama nimesamehewa au nimehukumiwa.

Baadaye nililitafuta neno lile katika kamusi, mimi mwenyewe. Barua ilimaanisha kwamba mgonjwa ataondoka siku yoyote, mradi Alhamisi isipite. Lakini kufikia hapo maana ilikuwa kama mwavuli ulioletwa mvua ikiisha kunyesha.

Wakesho alirudi baada ya miezi mingi, amepona. Aliponiona, swali lake la kwanza lilikuwa, “Kumbe baba alikataa kuja?” Aliyabeba hayo hadi Mombasa, akalala nayo, akarudi nayo. Nikamwambia kwamba baba yake hakukataa, na kwamba alimtemea funda lake pale stesheni. Mimi ndiye niliyemzuia kwa kuona haya kusema sijui. “Basi nenda ukamwambie kwamba nimesikia,” akasema. Nikaenda. Watu wa kilimani husimulia kwamba manyunyu ya Mjomba ndiyo yaliyomponya. Mimi silisemi hilo, kwa maana silijui, na neno hili ‘silijui’ nililinunua kwa bei ghali.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi nakuongezea kwamba kumuuliza asiyejua, ili kuficha kwamba nawe hujui, ni ujinga wa watu wawili. Mtu akikujia na haja yake, mpe unachokijua, umkirie usichokijua, kisha umwache aende, kwa kuwa huenda mguu wake ukajua njia ambayo kichwa chako hakijaijua. Na palipo na mgonjwa anayetazama mlango, usikae kupima maneno. Ondoka kwanza.

Kama nina hasira yoyote juu yako, leo imetoka. Mola akupe ulimi usioona haya kukiri, na kila akungojeaye akuone ukiingia.