Kichwa cha Mbwa Aliyepigwa Ganzi

Nguruwe wa porini alimvunja mbwa wangu mguu wa nyuma karibu na Ntoto, nikamfikisha kwa veterineri, daktari wa mifugo, huko Masisi. Alimlaza usingizi, kisha akamchoma ganzi mwishoni mwa uti wa mgongo, mguu usiume akiuunga. Mimi nilishika paja, kidole kwenye mshipa.

Mara miguu ya nyuma ikapata joto, na mpigo ukafifia hadi nikausikia kwa shida. Anakufa! Sisi wawindaji, mbwa akizimia, humwinua kichwa ili pumzi isimtoke. Nikamwinua upesi.

“Papa, shusha kichwa!” veterineri alipiga kelele. “Ganzi imelegeza mishipa, damu yote iko inashuka mu miguu. Unataka ubongo ikose damu?”

“Njo desturi yetu, dada.”

“Basi desturi itamuua. Mulalishe!”

Nilimlaza, nikainua miguu yake badala ya kichwa. Yeye akapunguza dawa ya usingizi na kufungulia serumu, maji ya dripu, yakimbie mshipani. Nikarudisha kidole kwenye mshipa wa paja. Ghafla mpigo ukagonga kidole changu, ukagonga tena, wenye nguvu!

“Nilikosea, dada!” nilisema huku nikicheka na machozi yakinitoka.

“Shika vizuri, Papa. Mufupa ungali haujaungwa.”