Maji ya Magotini

Kabla ya kuugua sikuwahi kuifikiria miguu yangu. Kwetu Susuni nilichunga ng'ombe wa baba milimani, nilicheza mpira peku, na siku ya kutahiriwa nilisimama wima bila kupepesa macho, kama inavyotakiwa. Vita vya Kagera vilipokwisha nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nikisubiri majibu ya mtihani.

Ndipo alipokuja Sajini Nyamhanga kutafuta vijana wa kujitolea. Alikuwa mzamiaji wa jeshi, na vita vilimwachia mkono mmoja. Alikuwa amepata mitungi chakavu ya hewa na mtambo wa kuijaza, akapiga kambi ziwani, upande wa Wajaluo wa wilaya yetu ya Tarime. Alitaka kuwafundisha kuzamia askari waliorudi na ulemavu. Vijiji vya ujamaa vya pwani ile vilikuwa na pampu, lakini mabomba ya kuvuta maji yalizibwa na matope, na hapakuwa na mtu wa kwenda chini kuyazibua. Hiyo ingekuwa kazi yao.

"Shikamoo, Sajini," nilimwambia. "Mtu asiye na mguu atazamiaje?"

"Marahaba. Na wewe ukiwa chini ya maji, mguu unausimamisha wapi? Juu ya samaki?"

Nilifunga mzigo, nikaenda.

Nilipewa kumhudumia Marwa, mtu wa Serengeti, kijiji cha karibu na Mugumu. Kipande cha bomu kilibaki mgongoni mwake. Mguu mmoja ulikuwa umekufa, mwingine ulimbeba kwa msaada wa magongo. Alikuja na mkewe, Bhoke, na mtoto wao mdogo wa kiume. Bhoke alitupikia, akaosha sufuria ziwani na kumwogesha mtoto palepale tulipofanyia mazoezi.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye maji ya magotini, kando ya matete, nimemshika Marwa mkanda huku akijifunza kupumua kwa mpira wa mdomoni. Tulishinda humo asubuhi nzima. Sajini aliogopa kina. Kwenye kina alifunga kamba, aliweka mtu wa kuangalia mamba, alifoka. Magotini alituacha. "Hapo hata bibi yangu hafi," alisema.

Siku Marwa aliposhuka chini kwa mara ya kwanza, aliibuka akicheka na kamasi zikimtoka, akaniita mura, yaani kijana.

"Mura! Kule chini mimi si kilema! Nimegeuka kambale!"

Nitasema wazi kwamba sijawahi kuona furaha ya mtu mzima kama ile. Ndiyo maana sijuti kwenda.

Muwasho ulianza mapema. Jioni ngozi ya miguu ilitoka vipele, tukajikuna, tukacheka. Baadaye nikapata homa na kikohozi, nikameza klorokwini. Damu ilionekana kidogo kwenye choo, nikasema ni chakula. Kisha ule mguu uliokuwa ukimbeba Marwa ukaanza kulegea.

"Kipande kimehama," alisema. Sajini alikubali. Hospitalini, daktari aliangalia picha ya mgongo, naye akakubali. Nani angebisha? Chuma kilikuwa kinaonekana.

Miezi ilipita, ikawa zamu yangu. Kiuno kiliuma kama kinapigwa nyundo. Ganzi ikaingia mapajani. Mkojo ukagoma kutoka, tumbo likajaa kama ngoma. Asubuhi moja niliinuka kitandani, miguu ikakunjika kama nguo. Sajini alinibeba begani kwa mkono wake mmoja mpaka kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Hospitalini waliniingiza mpira wa mkojo. Haja kubwa ilinitoka bila mimi kujua. Mama yangu alinisafisha, mimi mwanaume niliyekwisha kutahiriwa, nami niligeuza uso ukutani. Kidonda kilichimbika juu ya makalio hadi mfupa ukaonekana. Sabuni ilikuwa haipatikani madukani. Mama alichemsha mashuka kwa majivu.

Baba alifika na maneno ya mganga: wafu wa vitani waliwafuata wale askari hadi majini, wakanikuta mimi katikati. Alikuwa amekwisha kuchinja kondoo.

"Tata, wafu wenyewe wana ugomvi gani na mimi?"

"Unauliza maswali hata ukiwa umelala kwenye mavi," alisema, akatoka nje kulia. Nilimsikia.

Daktari alipopita nilimuuliza na yeye. "Daktari, mguu wa Marwa ulikufa hivihivi. Mlisema kipande kimehama. Mimi sikwenda vitani. Kwangu kimehama nini?"

Akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Mlikuwa mnasimama wapi?"

"Magotini."

"Penye matete?"

"Ndiyo."

Alinichoma sindano ya uti wa mgongo, akapima choo changu kwa darubini. Kulikuwa na mayai ya kichocho. Alinieleza kwamba kwenye matete kuna konokono wadogo, na vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi, vikakua mwilini kuwa minyoo inayotaga mayai. Kwa kawaida mayai huishia tumboni na kwenye ini. Kwangu mengine yalifika kwenye uti wa mgongo. Nilipewa vidonge vya kuua minyoo hiyo, nikatapika, na vingine vya kupunguza uvimbe.

Daktari alituma Marwa aitwe. Sajini alimleta kwa mkokoteni hadi ubavuni mwa kitanda changu, Bhoke akiwa nyuma na mtoto mgongoni. Nilimweleza yote.

"Konokono?" Marwa alisema. "Mura, nimelala kwenye handaki mabomu yakipita juu yangu. Leo niwaambie watu wa kwetu nimeangushwa na konokono?"

"Waambie unachotaka, kaka. Pima choo tu."

"Hiki kipande nakijua. Nalala nacho." Akanipigapiga mguu kuniaga. Sikuhisi kitu.

Aliondoka kurudi Serengeti.

Mimi, baada ya wiki nyingi, mama aliona kidole gumba cha mguu kikitikisika. Alipiga yowe, wagonjwa wakadhani nimekufa. Nilijifunza kusimama, nikaanguka, nikasimama. Baba anasema ni kondoo. Padri aliyekuja kuniombea anasema ni maombi. Daktari anasema ni vidonge. Mimi nawashukuru wote, lakini nauliza: mguu wa kushoto bado unaburura, sasa ni nani kati yao aliyebakiza?

Habari za kifo cha Marwa zilinikuta nikitembea kwa fimbo. Nilikwenda Mugumu kwa basi, kisha kijijini kwao. Vidonda vilimla, mkojo ulimrudi mwilini. Hakupimwa, kwa hiyo sitajua. Msibani mwenyekiti wa kijiji alisimama, akasema shujaa amekufa kwa majeraha ya vita. Watu waliitikia. Nilianza kuinuka.

Bhoke alinishika shati. "Shemeji, keti."

"Lakini huenda siyo kweli."

"Nilikuwepo kitandani kwako, nilisikia. Leo mwache afe kwa vita. Kesho utanipeleka hospitali mimi na mtoto, maana sisi hatukwenda vita vyovyote."

Niliketi. Kesho yake tulikwenda. Wote wawili walikutwa na mayai. Walitibiwa mapema, na wanatembea.

Ninaandika haya nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kumshukuru mama yangu, na Sajini, ambaye alihamishia mafunzo kwenye miamba, mbali na matete. Wanafunzi wake sasa wanazibua mabomba. Kwako unayesoma nina haya: ukiwashwa baada ya kutoka ziwani, ukaona damu chooni, usisubiri miguu ikuambie. Peleka choo kikapimwe. Na ukipewa sababu ya ugonjwa wako, hata kama ni ya heshima, angalia kwanza kama jirani yako asiye na sababu hiyo naye anaumwa vilevile.