Ijumaa Niliyompikia Mama Mkwe Bila Chumvi

Wenzangu, chekeni mapema mmalize, maana aibu niliyoipata Kwaresima ile kwenye kambi ya polisi hapa Kasese bado inanichoma masikio mpaka leo, na kilichoniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Jumatano ya Majivu padri alituambia kila mtu ajinyime kitu anachokipenda. Basi wenzangu wakaenda zao kimya, huyu kaacha soda, yule kaacha umbea (huyo alishindwa hata Jumapili haijafika), lakini mimi, kwa kujiona mtakatifu kuliko wote, nikasimama mbele ya jumuiya yetu ya kanisani nikatangaza kwamba nyumbani kwangu chumvi haitaonjwa mpaka Pasaka. Wakapiga makofi, na makofi yale yakanilevya. Kufika nyumbani nikagawa chumvi yote kwa majirani nisije nikashawishika, na mume wangu, ambaye ni konstebo na hajui kubishana na mtu isipokuwa akiwa kazini, akautazama mchuzi wake akaula bila neno.

Ikaja Ijumaa ya zamu yangu kuilisha jumuiya nyumbani kwangu baada ya Njia ya Msalaba, na siku hiyohiyo mama mkwe akatokea kutoka Bwera bila taarifa, mara yake ya kwanza kula kwangu. Mama huyu alivuna chumvi kwenye ziwa la Katwe miaka na miaka, akisimama ndani ya maji yale makali mpaka miguu ikawa vidonda, na chumvi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake. Ndoa yetu hakuipenda sana (alishamchagulia mwanawe msichana wa Bwera), kwa hiyo nilitamani mno anikubali. Nikawaza, nimwombee chumvi kidogo kwa jirani? Halafu nikajiuliza jumuiya itasemaje, nikapika maharagwe hivyohivyo, nikasonga bundu, ule ugali wetu wa muhogo, nikapakua.

Mama mkwe akamega tonge, akachovya, akatafuna kidogo, akaacha.

"Mama Masika, chumvi iko wapi?"

"Hakuna, mama. Tuko mu Kwaresima."

"Kwaresima iko yako, ao iko ya sahani yangu?"

Watu wa jumuiya wakaacha kula, wakatutazama.

"Miye nilisimama mu Katwe mpaka miguu ikaoza, nikasomesha bwana yako. Leo nafika kwake, unanipa chakula ya bila chumvi? Kama hunitaki, sema tu, nirudi Bwera."

Akainuka kutafuta viatu vyake. Nikajua akitoka mlango ule hatarudi tena. Hapo mume wangu akaingiza mkono kwenye mfuko wa yunifomu, akatoa kikaratasi kilichokunjwa: chumvi! "Usikasirike, Mama Masika," akaniambia akitazama ukuta, "mimi hutembea nayo." Kabla sijafumba mdomo, mwenyekiti wa jumuiya akafungua pindo la leso yake: chumvi. Jirani yangu, chumvi. Hata afande mmoja mstaafu, aliyepiga makofi kuliko wote siku ile, akavua kofia, na ndani ya kofia, jamani, chumvi!

"Tulijua tunakuja kwako," mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Kila mutu iko na chumvi, isipokuwa mwenye nyumba!"

Nikapiga magoti mbele ya wote. "Nisamehe, mama. Nilitaka watu wanisifu, wewe nikakusahau."

Akaviacha viatu, akatia chumvi kwenye maharagwe, akamega tonge na kuniwekea mdomoni kwa mkono wake. "Kula. Kesho utafunga, wewe peke yako, na mudomo ufunge pia." Nikala huku nalia na kucheka, ahadi yangu ikafia pale, na sijawahi kula maharagwe matamu kama yale. Mama mkwe alikaa kwetu mpaka Pasaka.

Tangu hapo nimeapa sitatangaza tena mfungo wangu. Mwaka huu kuna kitu ninachojinyima, msiniulize ni nini, na mkija kwangu Ijumaa tafadhali njooni mikono mitupu.