Mdomo wa Neeta

Kishore hakuwa mtu wa kupiga ovyo. Mbavu, mgongo, mapaja: penye nguo ndipo palipokuwa pake. Majirani wa Stechford, mtaa wao huko ughaibuni, walimjua kama bwana mpole anayesalimu hadi paka. Kikulacho ki nguoni mwako, na chini ya nguo za Neeta, mkewe, palikuwa na alama za kutosha.

Neeta, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa muuguzi katika hospitali moja mtaa wa Edgbaston. Furaha yake ilikuwa moja tu, kupiga tarumbeta katika bendi ya mtaa. Mwaka huu, kwenye tamasha la bendi, alipewa apige peke yake wimbo wa kale wa Ireland, maombolezo ya mjane ambaye mumewe aliuawa kwa rungu. Kwa desturi ya bendi, mpigaji husoma kwanza shairi la wimbo wenyewe, na katika shairi hilo mjane anamtaja muuaji kwa jina mbele ya waombolezaji wote.

Asubuhi ya tamasha Kishore alimkataza kwenda. Neeta akaendelea kung'arisha tarumbeta yake. Ngumi ikatua mdomoni, ikapasua midomo, jino likaangukia kwenye sinki. Alipokuwa chini akaongezewa mateke. Shetani yule alijua fika kwamba mpiga tarumbeta bila mdomo ni bure.

Darshana, mama mkwe, alimfuta damu kwa taulo.

"Sema umeanguka ngazini, mwanangu," alinong'ona. "Mimi nilianguka miaka yote ya ndoa yangu."

Jioni Neeta alikwenda. Kiongozi wa bendi alipoona uso ule alitaka wimbo apewe mwingine, Neeta akakataa katakata. Kishore naye alikuja na mama yake, akaketi mstari wa pili, akitabasamu, tayari kumwona mkewe akiaibika.

Neeta alisoma shairi. Alipofika penye jina la muuaji aliishusha karatasi.

"Mdomo huu umepasuliwa na mume wangu, Kishore," alisema. "Yule pale."

Kisha akainua tarumbeta. Sauti ya kwanza ilikwaruza, damu ikamchuruzika kidevuni, akaanza upya. Kishore aliinuka, ngumi kazikunja, aende jukwaani. Darshana akamdaka koti, akamvuta chini kwa nguvu ambazo hakuna aliyemdhania kuwa nazo.

"Keti," alimwambia. "Baba yako hakuna aliyewahi kumtaja."