Kulungu wa Hatua Arobaini

Baba aliuona upinde wangu kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kochi letu la Arlington, shuka miguuni, siku ambayo hakwenda kusafishwa damu. Ulikuwa upinde wa kisasa, wenye magurudumu mawili madogo, kamba zinazopishana na kidude cha kulengea. Nilikuwa nimeua nao kulungu wanne. Aliugeuzageuza, akauvuta kidogo, akanirudishia.

"Hii ni baiskeli," akasema. "Kiti kiko wapi?"

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nesi mwenye leseni, na bado neno la yule mzee liliweza kunikausha mate. Hakuwahi kunisifu kwa lolote. Shule, kazi, hata safari iliyomleta Marekani, vyote alivipokea kama kikombe cha chai. Figo zilikuwa zimemwisha, na daktari alishaniita pembeni, maana sisi wa kazi hii huambiana ukweli. Nilitaka jambo moja kabla hajaenda: aseme nimefanya vizuri.

Fahari yake ilikuwa uwindaji. Alikuwa kijana wa Kikamba huko nyikani kabla hajahamia Changamwe kufanya kazi ya reli, na kabla serikali haijapiga marufuku. Alitusimulia kwa uchache: hatua arobaini, mshale mmoja, kisha anakaa chini, ananusa tumbaku bila haraka, ndipo anainuka kumfuata mnyama. Ile tumbaku ndiyo niliyoipenda. Niliona ni maringo ya fundi.

Basi nikaachana na ule wa magurudumu, nikanunua upinde wa mti mtupu, usio na cha kulengea.

"Si ile ingine ilikuwa ina-work tu vizuri?" mke wangu aliuliza. "Kwani una-compete na nani?"

Miezi minane nililenga gunia la matambara nyuma ya nyumba, mpaka vidole vikaota sugu na bega likaniuma kila nilipomgeuza mgonjwa kitandani. Mzee alitazama dirishani. Siku moja alitoka na mkongojo wake, akanisukuma kiwiko juu kidogo, akarudi ndani. Nilifurahi kama mtoto.

Mwenzangu wa kazini, Mzungu ambaye familia yake ina shamba magharibi ya Fort Worth, alinionya. Kwa upinde huo, alisema, usizidi hatua kumi na tano. Ukizidi hutaua, utaumiza tu. Nilimwitikia kwa kichwa. Moyoni nilisema, huyu atanifundisha nini mimi?

Asubuhi moja ya Oktoba kulungu jike alitoka vichakani shambani kwao, akasimama. Nilipima kwa macho: arobaini. Alikuwa akila huku akija upande wangu. Ningengoja, angefika karibu. Lakini kumi na tano ilikuwa ya Mzungu, arobaini ilikuwa ya baba. Nikaachia. Mshale ulimpata tumboni, nyuma mno. Aliruka, akakimbia akiwa amejikunja. Nami, Mungu anisamehe, nikakaa chini kama baba, nikangoja.

Tulimtafuta kutwa. Damu ilikuwa matone, kisha matone yenye majani aliyokula, kisha hakuna. Mwenzangu hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Tulimpata kesho yake mchana, kwenye korongo kavu. Mbweha wa huku walikuwa wamemla mapaja, na kwa jinsi kwato zake za mbele zilivyochimba mchanga, walianza akiwa bado hai. Nimeosha maiti wengi maishani, lakini hapo nilitapika.

Nyumbani nilimkuta mzee ameketi wima kitandani, amevaa shati la kola. Mke wangu aliniambia mlangoni kwamba alikuwa hivyo tangu jana, akingoja nyama.

"Ulimpata?" akauliza.

"Nilimpiga kwa hatua arobaini."

Uso ulimkunjuka. Naapa, alitabasamu. "Arobaini," akarudia, akanishika mkono. "Na sumu uliipata wapi huku?"

"Sumu gani, Baba?"

"Ya mshale. Kwani mshale unaua? Mshale ni wa kuipeleka tu. Unakaa chini, unanusa tumbaku yako, sumu inafanya kazi."

Habari za sumu nilizisikia utotoni, nikidhani ni ya kuwindia tembo tu. Baba hakuwahi kutuonyesha. Mwanzo aliogopa tusijidunge, baadaye aliogopa askari. Tulichoachiwa ni hadithi yenye hatua na tumbaku.

Alisoma yote usoni mwangu. Tabasamu likamtoka polepole.

"Sasa alikufa vipi?"

Swali hilo nimeulizwa kazini na jamaa za marehemu mara nyingi, na jibu lake ninalo. Huwa ninalitoa bila kupepesa macho.

"Haraka, Baba. Hakuumia."

Akauachia mkono wangu, akajilaza na kuelekea ukutani.

"Na mimi nikifa," akasema, "utawaambia hivyo hivyo."